Kigae Kinachosubiri Mgeni Rasmi

Nchi ninayoisimulia haipo, kwa hiyo msinitafutie kesi. Nimeitafuta mwenyewe kwenye ramani yake rasmi. Nikabofya, nikasubiri, kikaja kiboksi cha kijivu chenye maandishi: "Eneo hili linaandaliwa. Tunashukuru kwa uvumilivu wako." Nchi ikishakiri yenyewe kwamba bado inaandaliwa, mimi ni nani niseme ipo.

Lakini kama ingekuwepo, ingekuwa na Wizara ya Ramani na Mwonekano wa Taifa, na mimi ningekuwa mshereheshaji wake. Cheo changu kwa kirefu ni Afisa Mshereheshaji Daraja la Pili. Kazi yangu ni kushika kipaza sauti, kutangaza kwamba itifaki imezingatiwa, kuwaomba waliokaa wasimame na waliosimama wakae, kisha kuwapanga wakubwa kwa picha ya pamoja, wanene katikati. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na tisa. Wenye wivu husema haina faida kwa taifa, ila hao hao ndio wa kwanza kugombea viti vya mbele.

Niwaeleze kwanza ramani yenyewe, maana ni kitu cha akili, na walioibuni hawakuwa watu wa Wizara. Zamani mwananchi akifungua ramani kwenye simu yake, kompyuta yetu ilianza kumchorea nchi upya: mito, barabara, shule, mipaka. Wakifungua watu mia, inachora mara mia, inapata joto, inazima. Ndipo wataalamu waliposema, tuichore nchi mara moja tu, tuikate vipande vya mraba, tuviweke ghalani. Mwananchi akija anapewa kipande kilichokwisha kuchorwa, kama anayenunua chapati zilizopikwa asubuhi. Vipande hivyo vinaitwa vigae. Kigae kimoja kinaonyesha nchi nzima kwa mbali. Ukisogea karibu vinakuwa vinne, ukisogea tena kumi na sita, halafu sitini na vinne, na kuendelea hivyo mpaka unaona paa la jirani yako.

Ubaya wa chapati ya asubuhi kila mtu anaujua. Mto ukihama leo, kigae hakina habari. Lazima mtu akichore upya kipande hicho na kukirudisha ghalani. Fundi wetu, Mhandisi Chausiku, ambaye Wizara imemweka chumba cha chini karibu na tangi la maji, aliniambia kuwa kazi hiyo huchukua sekunde nne.

Wakubwa waliupenda sana mfumo huu. Uliwathibitishia jambo walilokuwa wakiliamini tangu walipoapishwa, kwamba kazi ikifanywa mara moja imekwisha.

*

Katika nchi hiyo hakuna kinachotumika kabla hakijazinduliwa. Nimeona choo cha shule chenye matundu kumi na mawili kikikaa na kufuli siku tisini, kimefungwa utepe wa rangi za taifa, huku wanafunzi wakipita pembeni yake kwenda vichakani. Mgeni rasmi alikuwa safarini. Aliporudi akakizindua, akapiga picha, na wanafunzi wakampigia makofi wakiwa wamebana miguu.

Basi vigae navyo vilizinduliwa. Cha kwanza, kile cha nchi nzima, alikizindua mkubwa kuliko wote, kwa wimbo wa taifa na mizinga. Vinne vilivyofuata walizindua wanne waliomfuata. Kumi na sita, mawaziri. Sitini na vinne, mawaziri tena pamoja na wake zao na viongozi wa dini. Jumla ya sherehe themanini na tano, na mimi nilisherehesha themanini na moja, nne nikazikosa kwa msiba wa shangazi. Kila kigae kiliwekwa kwenye kompyuta, kompyuta ikafunikwa pazia, pazia likafungwa utepe, mkasi ukaletwa kwenye sinia na binti aliyevaa kitenge.

Ngazi iliyofuata ilikuwa na vigae mia mbili hamsini na sita. Hapo wageni rasmi walichoka, mbuzi wakaadimika mjini, na ukatolewa Waraka Namba Tatu. Waraka ulisema vigae vyote vilivyobaki vizinduliwe kwa jumla, siku moja, uwanja wa mpira. Hiyo ilikuwa busara, na ndiyo maana iliogopesha. Mtu mmoja huko juu akaongeza aya ya mwisho ili busara isizidi: kigae chochote kitakachochorwa upya baada ya siku hiyo kitahesabiwa kuwa kigae kipya, na kitazinduliwa peke yake, na mgeni rasmi mwenye hadhi isiyopungua ya Waziri.

*

Mwezi wa nne alikuja ofisini mwanamke mmoja mwenye sare ya uuguzi iliyofuliwa mpaka ikapauka, na mabuti ya mvua kwenye mfuko wa plastiki. Akajitambulisha kuwa Sista Ombeni, mwenye dhamana ya zahanati ya Kinyangwe, ng'ambo ya mto Lusonge. Kwa kuwa mapokezi walikuwa kwenye semina ya huduma kwa mteja, nilimpokea mimi.

"Shida yangu ndogo, baba," akasema. "Nataka mnichoree kipande kimoja cha ramani."

Akaeleza, na alieleza vizuri, bila manung'uniko. Daraja la Lusonge lilikwenda na maji misimu miwili iliyopita. Wananchi hawakukaa kusubiri. Walikwenda msaragambo, kijiji kizima kwa kujitolea, wakapasua mawe kwa moto na maji, wakachonga barabara ya kilomita sita ya kuzunguka mto juu ya mgongo wa mlima mpaka njia panda ya wilaya, na lori la mbao linapita bila wasiwasi. Lakini kwenye kigae daraja bado lipo na barabara ya mlimani haipo.

Huko kwetu hilo si jambo dogo, maana ipo Sheria ya Utii wa Ramani. Ilitungwa kwa sababu madereva wa serikali walizoea kupitia kwa mahawara wakiwa na magari ya umma. Kila gari la serikali limefungwa kidude kinachofuatilia ramani, na dereva akitoka nje ya barabara iliyochorwa kwa mita kumi, anajieleza kwa maandishi. Akitoka mara mbili, anajieleza akiwa nyumbani kwake.

"Gari la wagonjwa likiitwa linafuata ramani," Sista Ombeni akasema. "Linafika mtoni, linapiga honi, linasubiri nusu saa. Dereva anaandika 'Nimefika, mgonjwa hakutokea,' anageuza. Sisi tuko upande wa pili tunamwona."

"Na wagonjwa?"

"Mwaka jana wawili walifia ukingoni wakilitazama gari." Akauweka chini mfuko wa mabuti. "Sasa kuna mwanangu, Edina. Ana mimba ya miezi miwili, ya tatu hii. Zile mbili alijifungua kwa upasuaji, na hii hawezi vinginevyo. Mimi zahanati nina mkasi wa kukatia bandeji. Ndiyo nimekuja mapema. Miezi saba inatosha kuchora kipande kimoja, au siyo?"

Nikamwambia inatosha na kubaki. Nilimwambia kwa sauti yangu ya jukwaani, ile inayofanya hata wenye njaa waamini chakula kinakuja.

*

Nilimpeleka chini kwa Chausiku. Yule binti alimwamkia, akampa kiti chake yeye mwenyewe, akachukua vipimo vya barabara ambavyo mwalimu wa Kinyangwe alivipima kwa simu. Akaviingiza, akabonyeza, tukahesabu pamoja moja mpaka nne. Kigae kikatokea kwenye kioo: mto bila daraja, na juu yake mstari mwekundu uliopinda kufuata mgongo wa mlima.

Sista Ombeni alivaa miwani, akasogea, akaweka kidole kwenye kioo.

"Hapa ndipo tulipolichoma lile jiwe siku tatu," akasema. "Na hapa mzee Sangito alivunjika mguu." Aliifuata barabara yote kwa kidole mpaka njia panda. "Asante sana, mwanangu. Basi kiwekeni."

"Bado, mama," Chausiku akasema, akitazama chini. "Lazima kizinduliwe."

"Na nani?"

"Na Waziri."

Sista Ombeni alitutazama mmoja mmoja akidhani tunamtania. Mimi nilikuwa nimekwisha kutoa kidaftari changu kuandika rangi ya utepe.

*

Waziri wetu, Mheshimiwa Dakta Mhandisi Kandidi Malembo, ni mtu mwenye shughuli nyingi. Mwezi wa tano alizindua kalenda ya Wizara. Mwezi wa sita alizindua ratiba ya uzinduzi. Mwezi wa saba alizindua hema jipya la kufanyia uzinduzi, ndani ya hema la zamani, ambalo hatujapata nafasi ya kulizindua kuwa la zamani. Mwezi wa nane alikuwa nje ya nchi kujifunza jinsi wenzetu wanavyochora vigae, akarudi na kofia.

Sista Ombeni alikuja mara tatu, na kila mara alipanda mabasi mawili na kulala kwa ndugu. Katibu Mkuu wa Wizara, Bwana Evarist Njelu, alimpokea kwa heshima zote. Alimweleza kuwa suala lake limepokelewa, linafanyiwa kazi, na liko katika hatua nzuri. Sista akauliza hatua hiyo nzuri ni ipi. Bwana Njelu akasema ni hatua ya kusubiri.

"Bwana, tumbo la mwanangu halisubiri hatua," Sista akasema.

"Ndiyo maana tunasema uzazi wa mpango," akajibu Katibu Mkuu, na akacheka, na sisi wote tuliokuwa mle ofisini tukacheka naye. Nilicheka mimi pia. Naliandika hili ili mjue ni mtu wa aina gani anayewasimulia.

Chausiku alijaribu kukiingiza kigae kimyakimya, siku ya Jumapili. Jumatatu kikakutwa ghalani hakina namba ya mgeni rasmi, kikatolewa, na yeye akaandikiwa barua ya onyo kwa kosa la kufanya kazi nje ya utaratibu. Barua ile ilisainiwa na watu tisa, na ndiyo kazi ya haraka kuliko zote iliyofanyika Wizarani mwaka ule.

*

Hatimaye, wiki ya pili ya mwezi wa tisa, mgeni rasmi alipatikana. Uzinduzi haukufanyika Kinyangwe, kwa sababu barabara ya kwenda huko ilikuwa haijazinduliwa. Ulifanyika ukumbi wa hoteli makao makuu. Sista Ombeni alialikwa kama mnufaika, akaketishwa mstari wa nyuma, karibu na wapiga ngoma.

Mheshimiwa alitarajiwa saa tatu, akafika saa sita na robo, akapigiwa makofi kwa kufika. Kwaya ya Wizara iliimba wimbo wa kusifu pembe nne za kigae. Kisha Mheshimiwa akapanda jukwaani.

"Ndugu zangu," akasema, "wapo wanaobeza. Wanasema, Waziri mzima anakuja kuzindua kijipicha cha upana wa kiganja. Nawauliza, nchi ni nini? Nchi ni vigae. Ukikidharau kigae umeidharau nchi, na ukiidharau nchi tutakutafuta. Wananchi wa Kinyangwe walikuwa hawana barabara. Leo, kwa jitihada za Wizara hii, wanayo."

Nilimtazama Sista Ombeni. Alikuwa anatazama viganja vyake. Mikono ile ilibeba mawe, na kwa hotuba ile tulikuwa tumeipora mbele ya macho yake, tukiwa na maikrofoni mbili.

Utepe ukakatwa, pazia likavutwa, kigae kikaonekana sekunde kumi hivi. Halafu nikatangaza picha ya pamoja. Niliwapanga watu kumi na wanne, Mheshimiwa katikati, koti lake la kijivu likiwa limefungwa vifungo vitatu kwa taabu. Sista Ombeni alinifuata baadaye akanishika mkono. "Asante, baba," akasema. "Edina yuko mwezi wa saba. Tumewahi."

*

Jioni ile ile Katibu Mkuu alituita, mimi na Chausiku.

"Hiki kigae nimekitazama," akasema Bwana Njelu. "Mheshimiwa simwoni."

"Ni ramani, bwana," Chausiku akajibu. "Inaonyesha mto na barabara."

"Mheshimiwa amekaa hotelini saa tatu nzima kwa ajili ya kigae hiki, halafu kwenye kigae chenyewe hayumo? Mwananchi atajuaje kama kimezinduliwa au ni kile cha kuingizwa kwa mlango wa nyuma?" Alisema neno hilo la mwisho akimtazama Chausiku. "Weka picha ya pamoja hapo."

Lazima niseme kwamba katika Wizara ile hilo halikuwa wazo la ajabu. Picha ya pamoja tunaiweka kila mahali. Ipo kwenye kalenda, kwenye uzio, kwenye mlango wa lifti, na kwenye vyandarua tulivyogawa msimu uliopita. Kitu kisichokuwa nayo huhesabiwa kuwa hakijafanyika, na mkaguzi akija hutazama picha kwanza.

"Basi tuiweke kando ya ramani," Chausiku akasema.

"Waziri awekwe kando?"

"Au tuiweke juu lakini tuififishe kidogo, bwana, ili barabara ionekane kwa chini."

Bwana Njelu alivua miwani. "Unataka Mheshimiwa aonekane kama mzimu?"

Picha iliwekwa juu ya kigae, nzima, bila kufifia. Na kwa kuwa kigae ni mraba na picha ilikuwa ndefu kwa upana, mfumo ulikata pande zote mbili, ukakata na juu na chini, ukabakiza katikati. Kilichobaki kilikuwa koti la Mheshimiwa, kuanzia fundo la tai mpaka kwenye mkanda. Ukikuza ramani ili uone vizuri, unaona kifungo. Ukikuza zaidi unaona uzi wa kifungo.

*

Sista Ombeni alinipigia simu siku ya tatu.

"Baba, naona tai," akasema.

"Ndiyo, Sista."

"Barabara iko wapi?"

"Iko chini yake."

Akasema kwamba gari la wagonjwa sasa halifiki hata mtoni. Likifika njia panda, kidude kinamwambia dereva kuwa barabara imeisha, mbele ni Mheshimiwa. Zamani angalau walikuwa wanaliona.

Nilikwenda kwa Katibu Mkuu, na kwa haki nataka iandikwe kwamba nilikwenda. Nikamwomba picha iondolewe.

"Bwana MC," akaniambia kwa upole, "wewe ni mtu wa itifaki. Nani mwenye uwezo wa kumwondoa Waziri?"

"Mamlaka ya uteuzi, bwana."

"Mimi ni mamlaka ya uteuzi?"

"Hapana, bwana."

"Basi nenda kanywe chai."

Nikaenda nikanywa chai. Ilikuwa chai nzuri, yenye tangawizi, na naikumbuka kwa kuichukia.

*

Mimba ya Edina iliwahi. Mpango wa mama yake ulikuwa ampeleke wilayani wiki tatu kabla, akakae karibu na hospitali. Lakini uchungu ulimshika wiki moja kabla ya safari, Alhamisi, saa nne asubuhi, na damu ikaanza kabla ya saa tano. Gari pekee la kijiji, lile lori la mbao, lilikuwa gereji mjini. Sista Ombeni aliita gari la wagonjwa, likaja kwa kasi, likasimama njia panda.

Dereva, Bwana Lwanda, hakuwa mtu mbaya. Aliiona barabara mbele yake kwa macho mawili, pana, ina alama za matairi. Ila alikuwa amekwisha kujieleza kwa maandishi mara moja, na ana watoto watano. Akampigia simu mkuu wake. Mkuu wake akapiga wilaya. Wilaya ikapiga Wizarani, na kwa kuwa mapokezi walikuwa wamekwenda kupokea vyeti vya ile semina, simu ilinifikia mimi.

"Tunaomba ruhusa," sauti ikasema, "gari la wagonjwa lipite juu ya koti la Mheshimiwa Waziri."

Neno lililotakiwa lilikuwa moja. Pita. Hakuna ambaye angeniuliza mimi ni nani, maana waliopiga walitaka sauti tu, na sauti ndiyo kazi yangu. Nikasema, "Subiri kidogo." Nikapanda ngazi mpaka kwa Katibu Mkuu. Alikuwa kikaoni. Nikasimama nje ya mlango nikiwa nimeshika simu dakika arobaini na tano, na kila mara wilaya walipouliza, nikajibu kwamba suala liko katika hatua nzuri. Niliogopa kupoteza kazi ya kuwaambia watu wakae na wasimame. Kuna asubuhi naamka nikijidharau mpaka sitaki kunawa uso.

Kinyangwe hawakungoja ruhusa. Walimweka Edina kwenye kitanda cha zahanati, wanaume wanane wakakibeba, Sista Ombeni akitembea pembeni akiwa ameshika chupa ya maji ya dripu juu ya kichwa. Kilomita sita, kwenye barabara waliyoichonga wenyewe. Mwalimu alikuwa na simu yake wazi, na baadaye aliwaonyesha polisi njia waliyopita: kitone cha buluu kikianzia kwenye mkanda, kikipanda polepole upande wa kulia wa tumbo. Mtoto alizaliwa njiani, wa kike, kwenye kifungo cha pili. Alilia mara moja, wabebaji wakasema Mungu mkubwa, wakaongeza mwendo.

Edina alikata roho karibu na ukosi wa koti. Bwana Lwanda anasema zilibaki hatua kama mia mbili kufika kwenye gari, na kwamba alipowaona alishuka akakimbia kwa miguu kuwapokea, kwa kuwa miguu yake haijafungwa kidude.

*

Wizara iliguswa sana. Ilinunua mashada matatu na kunituma nisherehekee, samahani, niongoze mazishi, kwa kuwa Mheshimiwa mwenyewe alikuwa amekubali kuwa mgeni rasmi. Nilipewa ratiba iliyochapwa. Baada ya sala, Mheshimiwa atatoa nasaha. Baada ya nasaha, Mheshimiwa atatupa udongo wa kwanza. Baada yake Katibu Mkuu, kisha viongozi wa mkoa, kisha wa wilaya. Familia ilikuwa mstari wa saba.

Msafara ulifika kwa wakati, jambo ambalo sijawahi kuliona. Magari kumi na moja yalishuka kutoka mlimani yakiwa na vumbi jekundu mpaka kwenye vioo, yakaegeshwa mbele ya zahanati. Sheria ya Utii wa Ramani haiwahusu Waheshimiwa.

Sista Ombeni alikuwa amesimama kichwani mwa kaburi na yule mtoto mgongoni. Hakulia wakati wa sala, wala wakati wa nasaha, ambapo Mheshimiwa alitukumbusha kuwa kazi ya Mola haina makosa. Nikatangaza udongo. Mheshimiwa akakunja mkono wa koti, akainama, akachota. Alipoinuka, Sista alikuwa anamtazama.

"Mheshimiwa," akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayemuuliza mgeni habari za safari. "Umekuja kwa njia gani?"

Mheshimiwa alifurahi kuulizwa kitu anachokijua. "Hii ya juu, mama. Nzuri sana. Kutoka njia panda mpaka hapa dakika kumi na tano tu."

Watu wote wa Kinyangwe waliisikia ile namba. Mheshimiwa bado alikuwa anatabasamu, ngumi imejaa udongo, akingoja nimtangaze.

Sista Ombeni akawageukia vijana wenye makoleo. "Fukieni," akasema.

Vijana wakanitazama mimi, kwa sababu kwenye ratiba walikuwa wa mwisho. Nyuma yangu nilimsikia Bwana Njelu akinong'ona, "MC. MC, itifaki." Nikazima kipaza sauti, wakafukia.